Kufundisha mkono wa kushoto kushika wembe wa kukunja

Shavu la kushoto ndilo linalowashinda wengi. La kulia hata anayeanza atalimaliza salama: mkono wa kulia unashuka kutoka sikioni, kiwiko kiko nje, kioo kinaonyesha kila kitu. Ukigeukia upande wa pili, mkono unakatiza mbele ya uso, kiganja kinaziba nusu ya kioo, kiwiko kinabanana na kifua, na mpini wa wembe uliokuwa umetulia hewani sasa unagonga pua. Hapo mtu anaanza kubahatisha, na wembe si kitu cha kubahatisha nacho.

Nasema wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani: bapa zima la chuma linalolala ndani ya mpini wake, linalonolewa kwenye kinoo na kupitishwa kwenye mkanda wa ngozi kabla ya kila kunyoa. Mimi ni kinyozi, nipo Ngamiani, Tanga. Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, ambaye hakuniruhusu kugusa uso wa mteja mpaka mikono yote miwili iwe inaujua wembe. Wakati ule niliona ananionea. Sasa vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawafanyia hivyo hivyo, na mteja anayetaka kujinyoa mwenyewe nyumbani humwambia: nusu ya kushoto ya uso upe mkono wa kushoto. Naandika kwa ajili ya mtu anayetumia mkono wa kulia. Wewe mwenye shoto geuza tu kila ninaposema kulia na kushoto.

Wapo watakaokwambia huna haja ya taabu hiyo, na hawasemi uongo. Wako watu wengi wanaonyoa uso mzima kwa mkono mmoja. Shavu la kushoto wanalinyoa kwa kukigeuza kifundo cha mkono, wembe ukashuka kinyumenyume. Vitabu vya kufundishia vinyozi Marekani vinaugawa uso katika sehemu 14, na kila sehemu ina namna yake ya kupitisha wembe: kuna mkono wa kawaida, kuna mkono wa kugeuza, kuna kwenda kutoka chini kupanda juu. Ni mpango mzuri sana. Ila umepangwa kwa kinyozi aliyesimama kando ya kiti, ambaye akibanwa anahama, anazunguka kiti, anamgeuza mteja kichwa. Wewe mbele ya kioo huwezi kuuzunguka uso wako mwenyewe.

Mkono wa kugeuza naujua na ninautumia. Kuna mzee mmoja, mteja wangu wa Ijumaa, ambaye siku ya kwanza aliponiona nahamisha wembe alinishika mkono.

"Mwanangu, mkono huo si wa chooni?"

"Shikamoo tena mzee wangu. Nimeunawa mara mbili mbele yako."

"Marahaba. Unawe hata mara saba, usoni kwangu hapana."

Sikubishana naye. Nikazunguka kiti, nikageuza mkono, akanyolewa, akanipa na dua. Hapa pwani mkono wa kushoto haukunyimwa nguvu, ulinyimwa kazi. Mtoto akiunyoosha kupokea kitu anakemewa, akiupeleka kwenye sahani anapigwa kofi. Kwa hiyo ukifika umri wa kuota ndevu una mkono mmoja uliosoma na mmoja ambao haujawahi kupewa jambo la maana. Usistaajabu ukitetemeka. Kwako bafuni hakuna mzee wa kukushika mkono, ufundishe.

Kwanza chombo. Upana wa wembe wa kukunja hupimwa kwa sehemu za nane za inchi, na wa kujifunzia uwe wa 5/8, yaani kama milimita 16. Ulio mpana zaidi ni mzito na unakuziba usione unaponyoa; mwembamba zaidi unajaa povu haraka, utakuwa unafuta kila mara. Ncha iwe ya mviringo. Ncha ya pembe inapendeza kwa kuchonga masharubu, lakini mkono wa kushoto ambao bado haujui wembe unaishia wapi utaizamisha kwenye ndewe ya sikio. Ukiona shingoni mwa wembe, pale kwenye chuma kisicho na makali, pameandikwa Solingen, huo ni mji wa Ujerumani wenye mafundi wa visu, na jina hilo linalindwa na sheria ya huko tangu 1938. Sheria ya Ujerumani lakini haifiki kwenye meza za mitumba, kwa hiyo usinunue jina. Ulaze wembe taratibu juu ya kipande cha kioo: mgongo na makali viguse kioo kwa pamoja. Ukiwa unatikisika umepinda, mrudishie mwenyewe.

Ule tunaoutumia saluni siku hizi, kishikio cha chuma kinachopachikwa nusu ya wembe wa dukani, unafanana nao kwa umbo tu. Ni mwepesi mno, makali yake ni mapya kila siku, ukiteleza kidogo umeshakata. Tunautumia kwa ajili ya maradhi: wembe unavunjwa katikati ungali ndani ya karatasi yake, nusu moja mteja mmoja, akiinuka kitini inatupwa. Wembe wa chuma kizima ni wa mtu mmoja hadi kufa kwake. Usimwazime ndugu wala shemeji. Virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini havijui undugu. Ila kishikio kile kinunue, kwa sababu kina faida moja kwa mwanafunzi: unaweza kukikunjua na kukitumia bila wembe ndani.

Mafunzo ya mwanzo hayataki makali. Anza na povu. Ukoroge sabuni kwa brashi ukitumia mkono wa kushoto, na kupaka usoni upake kwa huo huo. Kukoroga na kupaka ni kazi ya kifundo cha mkono na vidole, si ya bega, na ndiyo kazi ile ile utakayoitaka baadaye. Mswaki nao uuhamishie kushoto. Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito yaache, wembe hauhitaji nguvu hata chembe. Uzito wake wenyewe unatosha.

Baada ya siku kadhaa kamata kishikio kisicho na wembe, jipake povu zito upande wa kushoto, ulitoe lote kwa mkono wa kushoto ukijitazama kwenye kioo. Kizungumkuti cha kwanza ni kioo chenyewe: utataka kusogea huku, mkono uende kule. Dawa yake ni kuacha kufikiri kulia na kushoto. Jisemee "kuelekea sikioni", "kuelekea puani", "kushuka tayani", mkono utafuata. Kisha uangalie povu lililobaki, maana linakusomea makosa yako yote. Ukiona mstari mwembamba wa povu umebaki upande wa sikio, ujue ile ncha ilikuwa imeinuka. Ukibaki upande wa pili, kisigino, yaani mwisho wa makali ulio karibu na mpini, ndicho kilichoinuka. Ukiona povu limetoka kwa vipandevipande, vipande vya kutoka na vipande vya kubaki, mkono unasimama njiani na kuanza tena. Hapo ndipo ngozi ingekatwa. Rudia mpaka povu litoke kwa njia moja safi, upana wa wembe, bila mistari.

Puto nalo linafaa. Lipulize, lipake povu, linyoe kwa wembe wenye makali. Likipasuka watoto watacheka na utafuta povu ukutani, lakini utakuwa umejua kilichotokea: aidha umekandamiza, aidha wembe umeteleza kwa upande. Hili la pili lishike sana. Wembe unaokwenda mbele, makali yakiwa yamekaa sawa na njia yake, unanyoa. Wembe huo huo ukisogea kwa urefu wake, hata kidogo tu, unachanja. Mkono wa kulia unalijua hilo bila kuambiwa. Wa kushoto, ukichoka, hushuka kwa mshazari.

Kabla ya uso, nyoa mkono wako wa kulia. Upande wa nje, chini ya kiwiko, mbali na kifundo chenye mishipa. Paka povu, shika wembe wa kweli kwa mkono wa kushoto, telemka taratibu. Hapa hakuna kioo, hakuna mifupa ya taya, unaona kila kitu kwa macho yako. Nywele zikitoka bila mkwaruzo na ngozi haikuwasha, umeruhusiwa kwenda usoni.

Namna ya kushika. Ukunjue wembe mpaka mpini upite mstari ulionyooka na kusimama juu, bapa na mpini vikifanya pembe. Vidole vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vikae juu ya shingo ya wembe, sehemu ile ya chuma isiyo na makali. Kidole gumba kiwe chini yake, kikiegemea karibu na bapa. Kidole cha mwisho kikalie kile kimkia cha chuma kilichopinda. Mpini unasimama kati ya kidole cha pete na cha mwisho, haushikwi na mtu. Mshiko uwe mwepesi, mtu akikuvuta wembe utoke. Na hapo ndipo mkono wa kushoto unapokataa, kwa sababu usichokizoea unakikaba. Ukiona kucha za vidole zimekuwa nyeupe, weka chini, kunja na kukunjua vidole, anza upya.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hawaambiwi. Watu wanadhani wanafundisha mkono mmoja, kumbe ni miwili. Kila unaponyoa kwa wembe huu, mkono mmoja unapitisha wembe na mwingine unavuta ngozi. Ngozi iliyolegea hukunjamana mbele ya makali, na makali hayajui mkunjo ni nini, yanaingia. Miaka yote mkono wako wa kulia ndio uliokuwa fundi na wa kushoto saidia fundi. Leo unawabadilishia vyeo. Yule wa kushoto anajifunza ufundi, sawa, lakini yule wa kulia anaona haya kuwa kibarua: anavuta ngozi mwanzoni, kisha akiona wembe unatembea analegeza, au anataka kuufuata kuusaidia. Mikato mingi ya mwanafunzi wa mkono wa kushoto inatoka kwa mkono wa kulia. Nimeitazama kwenye nyuso za vijana wangu, mkato uko pale pale vidole vya kulia vilipoachia.

Kwa hiyo fanya zoezi la kuvuta peke yake, bila wembe. Upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, utosini, ncha za vidole zishuke mpaka kwenye panja la kushoto, juu kidogo ya sikio. Vuta kwenda juu. Utaiona ngozi ya shavu inapanda na kukaza. Ishikilie hivyo ukihesabu taratibu mpaka 20 huku mkono wa kushoto ukienda na kurudi mtupu. Bega litalalamika. Ukiona tabu kupita juu ya kichwa, usivute kwa kupitia mbele ya uso, maana utakuwa umeziba kioo tena na hatua zote hizi zimepotea bure. Afadhali uinamishe kichwa kuelekea bega la kulia ili mkono upate njia fupi.

Kanuni ni moja: ngozi inavutwa kutokea kule wembe unakotoka. Wembe ukishuka, vuta juu. Wembe ukipanda shingoni, vuta chini. Vidole vya kuvutia viwe vikavu. Vikiwa na sabuni vitateleza, na hapa ndipo shabu, kile kijiwe cha vinyozi cha kufunga mikato, inapofanya kazi isiyotangazwa: lowesha kipande cha shabu, sugua ncha za vidole vya mkono unaovuta, acha vikauke kidogo. Vinashika ngozi imara kabisa.

Kwa aliyepatwa na kiharusi au aliyekatika mkono, anayetaka kujifunza kushoto kwa sababu kulia hakupo, namwambia wazi kuwa wembe huu haumfai. Anaweza kusukuma shavu kwa ulimi kutokea ndani na kugeuza shingo, lakini ngozi ya chini ya taya haikazwi kwa ulimi. Achukue wembe wenye kinga, ule ambao Gillette alipewa hataza yake Marekani mwaka 1904, mkono wa kushoto utauzoea kwa siku chache. Anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi naye asiingie huku.

Kabla ya kunyoa ujue ndevu zako zinalala upande gani. Siku ambayo zimeota kidogo, pitisha kidole juu, chini, pembeni: upande usiokwaruza ndio mlalo wake. Mashavuni karibu watu wote zinashuka. Shingoni ni vurugu. Za kushoto zinaweza kulala kuelekea sikioni na za kulia kuelekea kooni, kwa mtu yule yule. Usichukue ramani ya upande wa kulia ukaidhania ni ya kushoto.

Nyoa baada ya kuoga, ngozi ikiwa laini. Sisi wa Tanga maji ya bomba yenyewe ni vuguvugu mchana, hakuna haja ya birika. Povu liwe zito na lenye maji, lisilokauka kabla hujamaliza. Feni izime, inakausha povu upesi. Vaa viatu. Ndani ya sinki au karai tandika taulo iliyokunjwa, kwa sababu makali yakigusa bomba yanavunjika meno. Na wembe ukikuponyoka uache uanguke. Hii nawaambia vijana kila siku kwa sababu mkono una tabia ya kuwahi kudaka.

Siku ya kwanza mkono wa kushoto unanyoa sharafa, yaani ndevu za mbele ya sikio, mpaka katikati ya shavu, basi. Geuza uso kidogo kuelekea kulia. Mkono wa kulia upite utosini, uvute. Laza bapa zima kwenye ngozi, lote, mgongo na makali, mahali pa juu kabisa ambapo sharafa inaishia. Sasa inua mgongo pole pole mpaka uwe umeachana na ngozi kwa kiasi cha unene wake mara mbili hivi. Hiyo ndiyo nyuzi 30 watu wanazoandika, lakini nani anabeba kipimo cha nyuzi bafuni? Shuka kwa hatua fupi, upana wa vidole viwili, kisha simama, inua, rudi nyuma kidogo, shuka tena. Sikiliza. Wembe ulio sawa una mlio mwembamba, kama wa karatasi, kila unywele ukikatika unausikia. Ukiwa kimya, umeulaza mno, unateleza juu ya ndevu. Ukikwangua kwa sauti nzito, umeusimamisha mno au makali yameisha. Mkono wa kushoto hupenda kuusimamisha, kwa sababu kifundo kikiwa kigumu kinajikunja chenyewe kuelekea usoni. Kila hatua ya tatu au ya nne tazama ule mwanga kati ya mgongo na shavu. Ukiwa umepanuka, simama.

Ukimaliza kipande hicho, usihamishe wembe kutoka mkono kwenda mkono na vidole vina povu. Uweke juu ya taulo, nawa, kausha, kisha uukamate kwa mkono wa kulia umalizie uso uliobaki kama ulivyozoea. Kesho yake pumzika. Mara nyingine ongeza mpaka kwenye taya, mara nyingine tena uvuke taya. Usiwe na haraka na kidevu.

Taya ndiyo inayotoa damu. Ni mfupa uliopinda na ngozi nyembamba juu yake, na wembe ni kitu kilichonyooka. Hapo mkono wa kulia uvute shavu juu sana, mpaka ngozi iliyokuwa chini ya mfupa ipande na kukaa juu ya shavu bapa. Unainyolea hapo, sio pembeni mwa mfupa. Ukiona haipandi vya kutosha fumba mdomo, sogeza taya kuelekea kulia. Pita kwa nusu ya bapa, ile ya kuelekea ncha, sio yote.

Shingoni rudisha kichwa nyuma na kando, mkono wa kulia ukiwa juu ya mtulinga ukivuta chini kama ndevu zinapanda, au chini ya taya ukivuta juu kama zinashuka. Kwenye kikoromeo usipite moja kwa moja: meza mate, kipande kile kikiwa kimepanda sukuma ngozi yake pembeni kwa vidole, inyolee pale pembeni palipo bapa. Hapa hata mimi nikiwa na usingizi sinyoi, naahirisha.

Sasa kuhusu vipele, maana ndevu zetu wengi zimejiviringa. Unywele uliojiviringa ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, unapoota tena ncha yake inarudi ndani kabla ya kutoka, au inatoka, inajikunja na kuchoma ngozi jirani. Hapo ndipo vipele vya kidevuni na shingoni vinapotokea, wala si uchafu wa wembe kila mara kama wateja wanavyodhani. Wembe wa kukunja unaweza kukusaidia au kukumaliza. Unakusaidia ukipita mara moja tu, kwa kufuata mlalo, ukaridhika na kivuli kidogo cha ndevu. Unakumaliza ukitaka kidevu cha mtoto: ukipita kinyume cha mlalo huku umeikaza ngozi mpaka mwisho, unywele unakatwa ukiwa umevutwa nje, ukiiachia ngozi unazama chini. Kwa hiyo pale niliposema vuta, uvute kiasi cha kuondoa mikunjo, usivute mpaka vinyweleo visimame. Mkono wa kulia, ambao una nguvu na haujazoea kazi hii, huvuta kupita kiasi. Shavu la kushoto likitoa vipele na la kulia halitoi, umeshamjua aliyesababisha. Na kama wewe ni mtu wa makovu yanayoota na kuvimba, kabla ya wembe wowote zungumza na daktari wa ngozi.

Ukijichanja, na utajichanja, suuza kwa maji baridi, kandamiza kwa kipande cha pamba safi, kisha gusa na shabu iliyoloweshwa. Itauma kidogo na kufunga. Shabu pia uipitishe uso mzima ukimaliza: inapouma ndipo mkono ulipokandamiza. Mwanzoni upande wa kushoto utauma wote. Baada ya muda utauma pale tayani peke yake.

Juu ya mdomo na kidevuni mkono wa kushoto hauna haja ya kwenda. Pale katikati ya uso mkono wa kulia haukatizi chochote wala hauzibi kioo, na mimi mwenyewe natumia huo pande zote mbili. Ukitaka kujaribu kwa ajili ya kujua, anza na pembe ya kidevu upande wa kushoto, mdomo wa chini ukiwa umeufunika juu ya meno ili ngozi ikaze yenyewe.

Kazi ya mkanda pia ibaki kulia. Unapopitisha wembe kwenye mkanda, mgongo unatangulia na makali yanafuata, na kwenye kila mwisho unaugeuza kwa kuuviringisha juu ya mgongo wake, kamwe si juu ya makali. Mkono ambao haujazoea utaukata mkanda siku ya kwanza, na mkanda mzuri wa ngozi haupatikani kila duka. Mimi hupitisha mara 20 kwenye upande wa turubai na mara 50 kwenye upande wa ngozi, bila kukandamiza, mkanda ukiwa umenyooka. Ukinyoa ukamaliza, suuza, kausha kwa kitambaa hadi pale mpini unapoungana na chuma, uache wazi kidogo upigwe na hewa, kisha upake tone la mafuta ya cherehani kabla ya kuukunja. Bafuni usiuache. Kwa unyevu wa pwani hii asubuhi utakuta madoa ya kutu kwenye makali, na kutu ikishakula makali, mkanda hauwezi kuyarudisha, ni kinoo tu.